Siku nne za kujifunza kutabiri safari za watu wa Bukavu, kwa dola 40

Ninafundisha hisabati kwenye shule ya sekondari huku Ibanda, na ninaishi Kadutu. Mwezi uliopita nililipa dola 40 kuingia mafunzo ya siku nne kuhusu namna wapangaji wa usafiri wanavyokadiria safari za kila siku za wakazi wa mji. Walimu wenzangu wameniuliza kama pesa hiyo ilikwenda bure. Haikwenda bure. Ila fomu yao ya kuandikia safari za watu haifai kupelekwa mtaani ilivyo sasa.

Siku mbili za kwanza ni hatua nne za kawaida: kila kanda, yaani sehemu ya mji, inatoa na kuvuta safari ngapi, kanda ipi inapeleka watu wapi, wanapanda nini, wanapita njia gani. Zilieleweka. Mkufunzi alisema hatua hizo zilikomaa Detroit na Chicago miaka ya 1950, swali likiwa barabara kubwa za magari zijengwe wapi. Nikaelewa kwa nini anayetembea kwa miguu hana nafasi yake kwenye karatasi zao.

Siku ya tatu ndiyo iliyonirudishia pesa yangu. Kabla treni ya BART haijaanza kule San Francisco, makadirio rasmi yalikuwa kwamba asilimia 15 ya wasafiri wangeipanda. Mchumi Daniel McFadden na wenzake walipima muda na gharama ya kila njia mbele ya msafiri mmoja mmoja, wakapata asilimia 6.3. Ikaja kuwa 6.2. Mwaka 2000 alipewa Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Tukafanya hesabu hiyo wenyewe, pikipiki dhidi ya taksi, na nikaona kwa namba jambo ambalo miguu yangu inalijua: dakika ya kusubiri barabarani ina uzito kuliko dakika ya kukaa garini, mara nyingi karibu mara mbili.

Usiku huo tulipewa fomu tuandike safari zetu za siku nzima. Ilikuwa na mistari minne. Mimi saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi na binti yangu hadi shuleni kwake, kisha parking, kisha taksi hadi kazini. Mchana nampelekea mama mkwe dawa Nguba, napita Nyawera kununua sambaza, ndipo napanda mlima. Mkufunzi akaniambia, "Mama Mwalimu, andika tu nyumbani–kazini, kazini–nyumbani." Nilikataa. Bila dawa ya mama mkwe ningechukua motari, pikipiki ya abiria, moja kwa moja. Chombo ninachopanda kinatokana na mnyororo mzima wa siku. Ukikata mnyororo, hesabu nzuri ya siku ya tatu inakosa cha kuhesabu.

Na jedwali la umbali! Lilikuwa na namba moja kwa kwenda na kurudi. Kutoka kwangu hadi barabarani nashuka dakika 12. Kupanda na mzigo ni 25. Katika mji wa milima kama wetu hilo ni kosa la msingi, na nililisema mbele ya darasa.

Kwa haki yake, mkufunzi hakukasirika. Siku ya nne alitufungulia MATSim, programu ya bure inayompa kila mtu wa kubuni ratiba ya siku nzima: anaijaribu, anapewa alama, anabadilisha saa au njia, anarudia. Hicho ndicho nilichokuwa nakidai. Lakini umeme ulikatika asubuhi, tukabakiwa na saa moja na nusu tu. Siku hiyo inastahili kuwa mbili. Atakayekwenda abebe kompyuta yake, betri ikiwa imejaa.

Wiki iliyopita wamenitumia fomu mpya ya mistari 12 niijaribu. Nilikaa mlangoni kwa jirani yangu anayeuza mboga nyumba kwa nyumba, yeye akisimulia jana yake, mimi nikiandika. Tulipofika saa nane mchana mistari ilikuwa imekwisha. Nikageuza karatasi, tukaendelea nyuma.