Mionzi ya kobalti au LINAC?
Wanaopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar kutibiwa kwa mionzi huwa wanauliza hizi mashine mbili zina tofauti gani. Kobalti-60 inatoa mionzi muda wote, umeme uwepo usiwepo, ila nguvu yake inapungua nusu kila miaka 5 na kidogo, kwa hiyo dakika za kulala pale kitandani zinaongezeka mpaka wabadilishe chanzo, yaani hiyo kobalti yenyewe. LINAC (linear accelerator) inatengeneza mionzi kwa umeme, ukiizima imezima, na inafuata umbo la uvimbe vizuri zaidi, kibofu na utumbo vilivyo jirani vinasalimika zaidi. Shida inadeka hiyo! Umeme ukiyumba tu foleni yote inasimama. Mi kwa saratani ya shingo ya kizazi ningechagua LINAC, ila kama foleni yake ni miezi na kobalti ipo, naanza na kobalti.