Kitanda cha mtoto chenye mlango wa pembeni: je, kinamfaa mzazi anayetumia kiti cha magurudumu?

Kinamfaa sana, lakini komeo ndilo linaloamua.

Kitanda cha kawaida kinamlazimu mzazi ainame juu ya ukingo na kumnyanyua mtoto kwa mikono yote miwili. Ugonjwa wa uti wa mgongo ukidhoofisha misuli ya kiwiliwili, hilo ni hatari kwa wote wawili. Mlango wa pembeni unaondoa ukingo huo: mtoto anavutwa taratibu juu ya godoro mpaka mapajani.

Pima kwanza uvungu. Ukiwa umekaa, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, pima kutoka sakafuni hadi juu ya goti, kisha ongeza sm 3 hadi 5. Wengi hufikia kama sm 70. Uvungu ukiwa mfupi, kiti kinakaa ubavu na kiuno kinapindwa kila mara. Pitisha kiganja chini ya fremu pia. Skrubu iliyochomoza huchubua paja lisilo na hisia bila mwenyewe kujua, na kidonda hicho hukawia kupona.

Mlango wa bawaba hugonga kiti unapofunguka. Ule wa kuteleza ni bora, ila reli yake hujaa vumbi na kukwama, basi ifute kila wiki. Upande unaoshuka chini uepuke kabisa. Marekani iliupiga marufuku mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto.

Sasa komeo. Mengi yanataka vidole vibane vitufe viwili kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa mkono uliolegea. Tafuta la wenzo, linalosukumwa kwa kifundo cha mkono na kisha kuinuliwa. Usiling'oe wala kulifunga kwa kamba likae wazi: godoro liko juu, na mtoto anayejibiringisha ataanguka.

Mlango ukiwa umefungwa, pengo kati yake na godoro lisizidi sm 3.

Wakati wa kumtoa, sogea karibu, kisha rudi nyuma kidogo ili magurudumu madogo yaelekee mbele. Hapo kiti hakipinduki kirahisi. Funga breki. Mkono mmoja uzungushe nyuma ya kishikio cha kiti, mwingine umvute mtoto hadi kwenye mto uliofungwa mapajani kwa mkanda.

Mtoto akianza kusimama kwa kushika, na ukingo ukawa chini ya kifua chake, muda wa kitanda hiki umekwisha. Mhamishie kwenye godoro la chini.