Rivyuu: kitochi cha elfu 25, nilichokinunua kwa hasira

Wadau leo narivyuu kitochi. Kiswaswadu, simu ya vitufe, ile tunayowanunulia wazazi kijijini alafu tunasema "mama hii inakutosha". Najua watu wanarivyuu simu za milioni na ushee zenye kamera tatu nyuma, sasa mie hiyo ya kwangu waliondoka nayo jioni moja kwenye msukumano wa kugombania daladala, mkoba umechanwa na wembe mstari umenyooka utadhani fundi cherehani, pochi wakaniachia, simu wakachukua. Na hela ya kununua nyingine kama ile haikuwepo maana yote ilikuwa imelala kwenye mzigo (nauza vitenge na madera, wateja wangu wote ni wa WhatsApp na Insta). Kwahiyo kesho yake niko Kariakoo, mtaa wa Aggrey, macho yamevimba, naulizia kitochi.

Brand siitaji kwa sababu kuna mahali ntaiponda na sitaki ugomvi na mtu. Na hata hivyo hizi simu za bei hii zinafanana mno. Laini mbili, kioo cha inchi 1.77, betri ya 1000mAh, redio ya FM inayoshika bila kuchomeka earphone, sehemu ya memori kadi, kamera ya kusema tu ipo, na tochi. Wa zamani mnaikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani na tochi yake ile kichwani, basi hivi vya leo ni wajukuu zake, ila wajukuu waliolelewa kwa kudekezwa maana ile bibi ilikuwa inadondoka sakafuni unaokota unaendelea na umbea wako.

Muuzaji aliniambia "dada angu hii ukiichaji leo utasahau chaja ulipoiweka". Nikajua ni maneno ya Kariakoo. Kumbe kweli. Naichaji Jumapili usiku wakati napanga mzigo, alafu mpaka katikati ya wiki bado vile vimistari vya betri vimesimama, na mie ni mtu wa kupiga simu sana. Kwenye betri nampa kumi juu ya kumi bila kubana.

Sasa kabla sijaendelea niseme kitu. Baada ya kuibiwa kila mtu alikuwa na neno. "Shukuru Mungu hawakukuumiza." "Kila jambo lina sababu yake." "Mungu anakuandalia kubwa zaidi." Jamani. Mungu nilimshukuru, ya wembe kuishia kwenye mkoba ni kweli kabisa, lakini simshukuru kibaka na sitakaa nimshukuru, simu ilikuwa ya jasho langu. Kuna hii tabia ya mtu akipata hasara anaharakishwa ashukuru hapo hapo, machozi hayajakauka, kama vile kukasirika ni dhambi. Mie nilikasirika wiki nzima na nilikuwa na haki. Shukrani ilikuja yenyewe baadae, pole pole, na ilipokuja haikuwa ya kuibiwa, ilikuwa ya watu. Ndio maana naandika rivyuu hii maana hako kasimu ndio kalikonionyesha.

Tuanze na majina. Laini nili-renew, ukiwa na namba ya NIDA na kidole chako mbona ni mara moja (ila kwanza azima simu ya mtu, pigia huduma kwa wateja wakufungie laini, hayo ya RB polisi yafuate). Hela yangu ya M-Pesa niliikuta yote. Lakini laini mpya inakuja tupu, haina jina hata moja, na namba niliyokuwa naijua kwa kichwa ni ya mama tu. Yaliyokuwa kwenye Gmail nikayafungua kwenye kompyuta ya steshonari, dogo wa pale akaniprintia makaratasi na makaratasi, nikaenda nayo nyumbani nikakaa kitandani na kalamu.

Hapo ndipo niliposoma maisha yangu. Juma Friji. Mama Dera Pink. Kaka Bajaji Usiku. Fundi Gesi. Usipokee. Usipokee 2. Watu wengine jina kamili lipo ila sura siioni kabisa. Na kwenye kitochi kuingiza jina ni kazi jamani, herufi s unabonyeza 7 mara nne, ukipitiliza unaanza upya, kwahiyo kila jina unajiuliza huyu anastahili hiki kidole changu? Usipokee wote wawili nikawaacha huko huko kwenye karatasi. Kuna mwingine nilifuta nikarudisha nikafuta tena, wenye ma-ex mtanielewa.

Alafu nikawa kila nikimaliza kuingiza mtu nampigia hapo hapo kumwambia ni mimi, nimeibiwa, hii namba iko hewani ila WhatsApp hamnioni. Nilikuwa nafanya kwa ajili ya biashara, sio kwa ajili ya roho yangu. Kuna mteja wangu wa Morogoro, hatujawahi kuonana, kazi yetu ilikuwa yeye anarusha picha ya kitenge mie narusha bei. Kumpigia tu akasema "we dada nilishaanza kuogopa, kila siku naangalia status hakuna kitu, nikasema huyu anaumwa au kafiwa?" Alafu akanitumia hela ya mzigo wa mwezi unaofuata. Sijamwomba. Akasema utanitumia ukiipata, mie sina haraka. Nilibaki nimeshika ile simu sikioni imeshakatika.

Na wengine, ambao nilikuwa nawaita wateja, nikipiga wanauliza "nani mwenzangu?" Kumbe ni watazamaji wa status. Wanaangalia kila nguo, wanaweka makopakopa, hawajawahi kununua hata mtandio. Siwalaumu, kuangalia ni bure. Ila nilikuwa nawapigia picha usiku wa manane, kwa bando langu, alafu mtu wa Morogoro anajibiwa kesho yake saa sita.

Kitu kingine ambacho kitochi hakina ni pa kuhifadhi oda, kwahiyo nikanunua kaunta buku. Zamani deni lilikuwa linazama kwenye chati, mtu anaandika "dada mwisho wa mwezi" alafu anakuja kupost keki na maputo na lile neno linapanda juu halionekani tena. Kwenye kaunta buku halipandi. Liko pale, jina, kitenge wax, yadi 6, kalipa nusu. Nilipojumlisha ukurasa wa kwanza niliifunga nikaenda kunywa maji. Hela ya simu mpya ilikuwa mikononi mwa watu muda wote huo! Nikaanza kudai kwa sauti, sio kwa meseji yenye emoji ya mikono. Kudai kwa sauti ni mtihani, mie ni mtu wa aibu, mara ya kwanza nilimwongelesha mdada wa watu habari za mvua mpaka salio likakaribia kuisha ndio nikataja deni. Sasa hivi salamu, hali, watoto, deni. Wengi wamelipa, na hakuna aliyenichukia zaidi ya mmoja, na huyo alikuwa ananichukia toka zamani.

Haya na kuna shangazi yangu wa Korogwe. Shangazi ana kitochi toka vitochi vianze. Kwenye simu kubwa nilikuwa naona missed call yake nasema ntampigia, alafu naingia kuangalia kitu kimoja Insta, usiku umeisha. Sasa kwenye kitochi saa tatu usiku hakuna cha kuangalia. Kuna redio, kuna gemu la nyoka, na kuna shangazi. Tukawa tunaongea. Anaongea kwa kupiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto, spika ya hivi vitochi nayo ina sauti hatari, kwahiyo jirani zangu wote sasa wanajua mguu wa shangazi ulivyokuwa unamsumbua, kwamba ulianza wakati wa mahindi, na kwamba aliniambia mara mbili nikasema "pole shangazi ntakupigia". Safari hii nilimtumia nauli akapelekwa hospitali ya wilaya. Anaendelea vizuri, anatembea, amerudi kugombana na mbuzi wa watu.

Huduma zingine. M-Pesa ni *150*00# kama kawaida, mambo ya benki nayo yana nyota zake, kwahiyo mtu asikutishe kwamba bila app huishi. LUKU inanunulika, ila hapa nieleze kidogo. Umeme umekata wenyewe saa mbili usiku, umenunua, meseji imekuja na tarakimu 20. Mita yangu iko ukutani nje kwa juu, unapanda kwenye stuli, na tochi ya simu iko kichwani kwa simu, kioo kiko mbele. Ukimulika mita huoni namba. Ukisoma namba huoni mita. Na ukikaa kidogo taa ya kioo inazima, ukibonyeza kitufe kuiwasha unajikuta umetoka kwenye meseji. Niliingiza namba nne nne huku nazisema kwa sauti, mtoto wa mpangaji mwenzangu akaja akasimama chini ananitajia zilizobaki kutoka kwenye simu, nikimaliza mstari ananiambia "tayari anti, endelea". Sasa hivi ndio kazi yake rasmi, nikinunua umeme namwita, malipo ni andazi moja.

Mabaya sasa, maana yapo. Inbox inajaa haraka, na inayoijaza sio meseji za watu ni matangazo ya bahati nasibu na bando, alafu ikijaa meseji ya muamala haiingii, unabaki mteja anasema nimetuma wewe unasema sijaona, mnaanza kutiliana mashaka. Futa kila jioni. Kitufe cha 5 changu kimeanza kuwa kigumu na simu bado mpya kabisa, hiyo ndio sehemu ninayoiponda na ndio maana brand sijaitaja. Kamera ni matusi, nilipiga kitenge cha chungwa kikatoka kama gunia lililolowa. Na kwa biashara ya kuonyesha nguo huwezi kuendesha na kitochi peke yake, tusidanganyane, mauzo yalishuka na mwezi ule kodi niliilipa kwa tabu. Kuna watu watakwambia achana na simu janja upate amani ya moyo. Wanaosema hivyo mara nyingi simu janja wanayo mfukoni. Shangazi angu hakuchagua kitochi kwa ajili ya amani, ndicho alichonacho.

Oh na magroup. Nilidhani nimepona group la harusi. Mweka hazina akanipigia kwa laini ya kawaida, "dada ahadi yako bado hatujaiona". Kitochi hakikuepushi na mchango ndugu zangu, hilo nalo mlijue.

Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa boksi tu. Weka laini yako mwenyewe, piga simu hapo hapo dukani, bonyeza kila kitufe, washa tochi, washa redio, chomoa betri uirudishe. Alafu bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15, linganisha na ya kwenye boksi, itume kwa meseji kwenda 15090 wakujibu kama ni ya kweli. Hii sio mbwembwe, usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki nchini, watu wakaamka simu ni tochi tu na saa. Dai risiti yenye tarehe na muhuri. Mie nilipewa garantii kwa maneno, nikasema kaka angu andika, akacheka lakini akaandika.

Simu kubwa nimeshanunua nyingine, ya kawaida tu, kwa hela za kaunta buku. Inakaa nyumbani na kwenye kazi ya picha, barabarani natembea na kitochi, na wateja wote nimewapa namba ya kitochi kwamba ukitaka haraka piga. Oda zinazoingia kwa kupigiwa ni chache ila zinalipwa siku hiyo hiyo, sijui kwanini, nadhani mtu akishasikia sauti yako anaona aibu kukuzungusha.

Kwa bei yake nampa nane juu ya kumi, moja nimetoa kwa kitufe cha 5 na moja kwa inbox. Na ukienda usichukue nyeusi, inapotelea ndani ya mkoba unaipigia mwenyewe huku umeishika kwapani, chukua nyekundu au ile bluu ya kung'aa, bei ni ile ile.