Crown, Prado, Harrier, BMW au Benz: gari lipi la kifahari la mtumba halitakusumbua kwa vitufe?

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, sema unatafuta gari la starehe, utahesabiwa mpaka uchoke: siti za ngozi, siti za umeme, AC pande mbili, sanrufu, skrini, kamera ya nyuma. Hesabu hiyo haikusaidii kuchagua, kwa kuwa magari ya daraja hili karibu yote yanavyo. Tofauti hujitokeza siku ya kuvitumia. Saa nane mchana, foleni ya Mwenge imeganda, mkono una jasho, mtoto analia nyuma, na wewe unatafuta pa kuongeza upepo huku jicho likiwa kwenye bajaji inayojichomeka mbele yako.

Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa wingi wa vikorombwezo. Kipimo changu ni kimoja: je, unaweza kuvitumia kwa kupapasa tu, bila kuangalia? Gari lenye vitu kumi unavyovifikia gizani nalipatia nafasi ya juu kuliko lenye ishirini vilivyofichwa ndani ya skrini.

Lipo jambo la kulimaliza mapema kuhusu Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Skrini yake ni ya Kijapani, na kwa kawaida hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Vitufe vya AC havina shida, vimeandikwa AUTO, OFF, FRONT na REAR kama kawaida, lakini menyu za navigesheni na ujumbe wa kwenye dashibodi utaubahatisha kwa picha. Navigesheni nyingi za Toyota pia hutegemea kadi ya SD yenye ramani. Ikitolewa njiani, skrini inakuomba kadi na kugoma kufanya mengine. Redio nayo ilitengenezwa kunasa kuanzia 76 hadi 90 MHz, huku vituo vyetu vikipanda hadi 108. Fundi umeme atakufungia kifaa kidogo kwenye waya wa antena na vituo vitasikika, ila namba itakayoonekana haitakuwa ile unayoisikia ikitangazwa.

1. Toyota Crown S200 (2008 hadi 2012)

Ndiyo kongwe kuliko zote humu, na bado naiweka kileleni. Iliundwa kwa ajili ya mzee wa Kijapani anayeendesha kwa utulivu na hataki kusoma kitabu cha maelekezo, na hilo linaonekana kila unapogusa. AC ina vitufe halisi, vimeinuka, kila kimoja na umbo lake. Dereva ana joto lake, abiria ana lake. Kuna kitufe kimeandikwa SWING ambacho wengi hukaa na gari miaka bila kukibonyeza: ukikibonyeza, matundu ya hewa ya katikati huanza kugeuka yenyewe kulia na kushoto kama feni ya sebuleni. Kwa joto la Dar, kitu hicho kidogo kinashinda sanrufu mara mia.

Ukipata toleo la Royal Saloon lenye vitufe kwenye kiegemeo cha mkono cha siti ya nyuma, umepata gari la kumbeba mama mkwe. Hapo niseme wazi: madalali huzipigia debe zile za toleo la Athlete kwa sababu ya sura na rimu kubwa, lakini springi za Athlete zimekazwa. Anayetaka starehe achukue Royal. Zote mbili ziko chini, kwa hiyo kama unakaa Goba au Madale ndani ndani ambako lami haijafika, ruka uende namba mbili.

Crown iliyofuata, S210 ya 2012 hadi 2018, ni nzuri kwa mafuta hasa ile ya haibridi (injini ya petroli na mota ya umeme) ya lita 2.5, lakini sehemu kubwa ya AC imehamia kwenye skrini ya pili iliyo chini ya ile ya navigesheni. Kwa kipimo changu walirudi nyuma hatua moja. Ningeiweka sawa na Harrier.

Suala la umri usilipuuze. Gari likizeeka TRA huliongezea ushuru wa uchakavu, kwa hiyo ingiza mwaka wa gari kwenye kikokotoo chao mtandaoni kabla hujamtumia mtu pesa Japani. Mara nyingi S200 iliyokwishasajiliwa hapa huwa nafuu kuliko kuagiza. Kenya ndiyo kabisa, sheria ya miaka 8 hairuhusu kuiingiza, labda ununue iliyoko nchini tayari.

2. Toyota Land Cruiser Prado 150

Ingekuwa bei si hoja, huenda ingekuwa ya kwanza. Vitufe vyake ni vikubwa, vinazungushwa au vinabonyezwa, na vinafanyiwa kazi gari likiwa linarukaruka kwenye makorongo. Starehe ya gari la barabara mbovu ndiyo hiyo: kidole kisikose shabaha. Toleo la TZ-G lina springi za hewa nyuma na siti za mstari wa tatu zinazokunjwa kwa umeme. Siti hizo ni za polepole, kwa hiyo mpakia mizigo asizisukume kwa mkono kwa papara, atavunja mota. Baadhi zina kiboksi cha ubaridi katikati ya siti za mbele. Kijaribu yadini, wauzaji wengi hawajui hata kama kipo.

3. Toyota Harrier ya 2013 hadi 2020, hasa haibridi

Hii ndiyo ile watu wanayoiita Anaconda, iliyokuja baada ya Harrier inayoitwa tako la nyani. Nje inavutia, na ndani Toyota walitaka ifanane na simu: sehemu ya AC ni kioo bapa cha kugusa. Hakuna kitufe kilichoinuka. Hupapasi, unaangalia. Ukiwa na jasho au umejipaka losheni, unaweza kugusa mara mbili kabla haijaitika, na ukipeleka mkono kiholela unawasha kitu ambacho hukukusudia. Kwa kipimo cha orodha hii ilistahili kuwa ya mwisho.

Kinachoiokoa ni haibridi. Kompresa ya AC ya Harrier haibridi inaendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, haitegemei mkanda wa injini. Foleni ikisimama na injini ikijizima, ubaridi unaendelea kutoka. Kwenye gari la petroli tupu lenye mfumo wa kuzima injini ukisimama, kompresa inasimama pamoja na injini, na baada ya muda unapulizwa hewa vuguvugu. Mtu anayekaa saa nzima barabarani asubuhi na nyingine jioni hawezi kulipuuza hilo.

Onyo kwa atakayeinunua: kompresa ya umeme haitumii oili ya AC ya kawaida. Inataka oili isiyopitisha umeme, kwa Toyota ni ile inayoitwa ND-11. Fundi wa kando ya barabara akiijaza gesi kwa mashine iliyojaa oili ya kawaida anaweza kuiua, na kompresa hiyo si ya bei ya kuchekelea. Muulize kabla hajafungua boneti. Pia yapo matundu ya kupoozea betri karibu na siti ya nyuma. Usiyafunike kwa zulia wala mabegi ya shule.

Ukitaka siti ya dereva ya umeme na buti inayojifungua yenyewe, tafuta daraja la Premium. Ya kawaida ina sura ileile lakini ndani imepunguzwa.

4. BMW 3 Series F30 (2012 hadi 2019)

Kwa mpangilio wa vitufe pekee, F30 ingeizidi Harrier, pengine hata Prado. iDrive (mfumo wa BMW wa kuamrisha skrini) ya kwanza, iliyokuja na 7 Series mwaka 2001, ililaumiwa mno kwa kutaka dereva afanye kila kitu kwa duara moja la kuzungusha. BMW walijifunza. Kwenye F30 duara lipo, lakini limezungukwa na vitufe vya njia ya mkato, na joto la AC lina sehemu yake nje ya skrini. Kitu ninachokipenda zaidi ni vile vitufe vya 1 hadi 8 chini ya redio. Watu hudhani ni vya vituo tu, kumbe kila kimoja kinaweza kuhifadhi namba ya simu au safari ya nyumbani. Kaa kwenye kile unachotaka, shikilia kitufe, basi. Ukiweka kidole juu bila kubonyeza, skrini inakuonyesha kilichohifadhiwa.

Mbona basi iko ya nne? Matairi na mafundi. F30 nyingi zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, magumu kwa ukuta, na kwa mashimo yetu unayasikia mgongoni. Wengi huyabadilisha na kuweka ya kawaida, kisha wanagundua gari halina tairi la akiba. Muuzaji akuonyeshe ni yapi yaliyofungwa. Fundi wa BMW anayejua kazi yupo, ila hayuko kila mtaa.

5. Mercedes-Benz C-Class W205 (2014 hadi 2021)

Swichi zake za siti ndizo bora kuliko zote nilizowahi kugusa. Ziko mlangoni, zimechongwa kwa umbo la siti yenyewe: ukitaka mgongo ulale, unalaza sehemu ya mgongo, ukitaka kiti kipande, unainua sehemu ya kukalia. Benz wameshikilia wazo hilo tangu S-Class ya 1979 na hakuna sababu ya kuliacha.

Tatizo liko kwenye usukani. Aliyezoea Toyota ya Japani huwasha indiketa kwa mkono wa kulia. Kwenye W205 kulia kuna gia. Indiketa na waipa vyote viko kwenye kijiti kimoja cha kushoto. Wiki za mwanzo dereva anataka kuhama njia, anasukuma cha kulia, gari linaingia N (gia huru), injini inanguruma na halivuti, na nyuma kuna daladala. (BMW nayo indiketa iko kushoto, lakini gia yake iko katikati, ukikosea unafuta kioo tu.) Kama gari litaendeshwa na watu kadhaa nyumbani, hili pekee linatosha kukufanya ufikirie mara mbili.

Juu ya duara la kuamrisha skrini kuna kibao cha kugusa ambacho kiganja hukigusa bila kukusudia. Kizime kwenye mipangilio. Na kama gari lina AIRMATIC (springi za hewa za Benz), omba kulitazama asubuhi kabla halijawashwa. Kona moja ikiwa imelala, hewa inavuja, na hapo bei inabadilika kabisa.

Lexus NX ya kwanza sikuipa namba. Ni gari zuri lenye kibao cha kugusa kinachokutaka ulenge mshale kwenye skrini huku unaendesha. Hapana.

Anayekaa nyuma na kuendeshwa atazame Alphard iliyoanza 2015, daraja la Executive Lounge: siti mbili kubwa za katikati, kiegemeo cha miguu cha umeme, na upepo unaopita ndani ya ngozi ya kiti. Milango ya kuteleza ina swichi kuu ya dereva. Ikizimwa, mlango unafunguliwa kwa mkono kama wa Hiace. Wengi hukimbilia kwa fundi kumbe ni swichi hiyo tu.

Yadini, kabla ya kulipa

Weka AC upande wa dereva nyuzi 18 na wa abiria 28, subiri, kisha pitisha mkono kwenye kila tundu. Pande zote zikitoa hewa sawa, na kitufe cha kuunganisha pande mbili kimezimwa, kimota cha ndani ya dashibodi kimekufa, na kukifikia ni kufumua dashibodi.

Dalali akikwambia siti zina AC, tazama alama. Mistari ya mawimbi pekee ni joto, linalofaa Makete mwezi wa saba. Upepo una alama ya feni.

Kioo cha dirisha kisipopanda chenyewe hadi juu kwa mguso mmoja, usiogope mara moja. Kwenye Toyota hutokea betri ikichomolewa. Kipandishe huku umeshikilia swichi, kikifika juu endelea kushikilia sekunde chache, kitakumbuka.

Kwenye sanrufu, mwaga maji kidogo kwenye kona za mfereji wake. Yasipotoka chini ya gari, mirija imeziba kwa vumbi, na masika yataishia kwenye zulia.

Gari likiwa bado Japani, omba karatasi ya mnada. Alama SR ikizungushiwa duara maana yake lina sanrufu, na herufi ya usafi wa ndani huanzia A kwenda chini. Omba pia video fupi ya skrini ikiwaka na kadi ya ramani ikiwa mahali pake. Kadi ikikosekana, sema kabla ya kukubaliana bei. Gari likishashuka bandarini hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwepo.