Venice ya Barbari na Venice ya Ughi: ipi imfae mtafiti?

Ramani ya Jacopo de' Barbari, iliyochapwa mwaka 1500 kwa vibao sita vya mbao, inaionyesha Venice kana kwamba mtazamaji yuko angani upande wa kusini. Ile ya Lodovico Ughi ya mwaka 1729 ilitokana na upimaji wa ardhini na inautazama mji kutoka juu moja kwa moja.

Kwa sura ya majengo, Barbari hana mfano: mabomba ya moshi, visima vya viwanjani na meli zinazoundwa Arsenale, karakana ya meli ya mji huo, vyote vinaonekana. Mnara wa kengele wa San Marco una paa bapa, kwa sababu radi ya mwaka 1489 iliunguza kilele chake; kilipojengwa upya, kibao kilirekebishwa, hivyo ni lazima mtafiti ajue anasoma chapa ipi. Hata hivyo, nyumba za mbele huficha vichochoro vya nyuma, na Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, aliyechorwa majini anadhihirisha kwamba lengo lilikuwa pia kuutukuza mji wa wafanyabiashara wa baharini.

Ughi haonyeshi madirisha, lakini upana wa mifereji na umbali vinaweza kupimwa. Kwake, barabara ya leo ya Via Garibaldi bado ni mfereji, kwani ulifukiwa mwaka 1807. Kwa maoni yangu, anayechunguza mabadiliko ya ardhi na maji aanze na Ughi, kisha amwendee Barbari kwa kila jengo analotaka kulifahamu kwa undani.