Mche wa Agave parviflora niliounua Tucson: mmea mzuri, udongo mbaya

Kwa sisi tuliokulia Tanga, agave maana yake ni mkonge, mmea wenye majani marefu kuliko mkono wa mtu, ulioletwa Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893. Kwa hiyo nilisimama muda mrefu mbele ya mche huu katika kitalu kimoja hapa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, kwani Agave parviflora ni ndugu wa mkonge uleule, lakini ukikomaa upana wake hauzidi sana sentimita 20, na mlingoti wake wa maua kwa kawaida haufiki mita mbili.

Uzuri wake uko kwenye majani. Kila jani ni la kijani kilichoiva, lina michirizi myeupe kama iliyochorwa kwa chokaa, na pembeni mwake zinachambuka nyuzi nyeupe zinazojikunja, ambazo ukizigusa zinakukumbusha singa za mkonge zilizoanikwa juani, ila hizi ni fupi na laini zaidi.

Kabla ya kulipa dola 18, niliuliza mche umetoka wapi, na ninamsihi kila mnunuzi aulize vivyo hivyo. Porini mmea huu hupatikana kusini mwa Arizona na Sonora, Meksiko, tu. Umo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na hapa Arizona kuuchimba bila kibali ni kosa. Muuzaji alinionyesha trei ya miche ya rika moja aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, yenye majani yasiyo na makovu, nami nikaridhika kabisa.

Kilichonisikitisha ni udongo. Nilipoutoa mche kwenye kopo nyumbani, nilikuta udongo mweusi wa mboji uliokuwa bado umelowa, ingawa sikuwa nimemwagilia kwa siku tisa, na mizizi miwili ilikuwa imeoza. Mmea uliozoea miteremko ya mawe hauwezi kuvumilia hali hiyo. Niliikata mizizi iliyooza, nikauacha mche kivulini siku nne ili vidonda vikauke, kisha nikaupanda katika chungu cha udongo chenye changarawe nyingi na mboji kidogo sana. Sasa ni mwezi wa tano tangu nilipoupanda, na majani mapya matatu yamefunguka katikati.

Ninaupendekeza mche huu kwa moyo wote, mradi mnunuzi abadilishe udongo wiki ileile ya kwanza.