Riwaya za nyumbani na ukoo: ipi ununue kwanza

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu mwezi huu, nunua Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994, lakini kwetu bado ni mpya: tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli.

Naiweka juu kwa sababu ya nyumba iliyomo ndani yake. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomkabidhi kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Mtoto hajui. Anadhani anasafiri na mtu wa familia. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfungua macho: huyu si ndugu yako, wewe ni rehani. Usiku wawili hao wanalala nje, barazani mwa duka, na nyuma ya ukuta kuna bustani yenye birika katikati na mifereji inayotiririsha maji pande nne. Yusuf anaitamani bustani ile kwa namna inayouma. Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, maana kila mtu aliyelelewa kwa jamaa anaujua ukuta wa aina hiyo. Na kwa Kiswahili, watu hawa wanazungumza lugha yao wenyewe. Mara nyingi nilisahau kwamba nasoma tafsiri.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anapoikimbia ndoa, jamaa zake wanamkataa, naye anapokelewa na Mwajuma, Ng'ambo, Unguja. Chumba cha Mwajuma ni kidogo lakini kina nafasi kuliko majumba yote aliyotoka. Kama umeona filamu ya Amil Shivji ya 2021, bado nunua kitabu. Utani na maneno ya mtaani ya Ng'ambo yanataka kusomwa taratibu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ni ya tatu, na kwa wazazi wenye mabinti ningeipandisha hadi ya kwanza. Ni Ukerewe, Zakaria anamchapa binti yake Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akiamini anamlinda. Yote yanayofuata yanatokana na kipigo kile. Ni kitabu kizito, kiliwahi kuzuiwa shuleni, kwa hiyo kisome wewe kabla hujampa mtoto.

Siku Njema ya Ken Walibora inafuata. Kijana anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Wengi waliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Irudieni sasa bila mtihani.

Anayesoma Kiingereza aongeze Theft ya Gurnah, ya 2025, inayomfuata Badar, mtumishi wa nyumbani anayesingiziwa wizi. Ni nzuri sana, lakini naiweka ya mwisho kwa sababu moja: bibi yangu hawezi kuisikiliza, na Peponi nilimsomea kwa sauti hadi mwisho.

Kabla ya kulipa, pekua kitabu kizima. Niliwahi kuuziwa nakala ya bei rahisi njiani. Nilipofika katikati nikakuta kurasa 16 zimejirudia na 16 nyingine hazimo kabisa. Herufi zilizofifia kama fotokopi, gundi inayoachia mgongoni, jalada lenye picha yenye ukungu: rudisha. Nakala hizo za wizi hazimlipi mwandishi wala mtafsiri hata senti. Vitabu vya Mkuki na Nyota unaweza kuwaulizia wenyewe Dar es Salaam. Kama pesa haitoshi, changeni watu watatu, nakala moja halisi ipite nyumba tatu. Yetu ya Peponi sasa iko kwa shangazi, na ameshaikunja kona ya ukurasa wa bustani.